Mtoto wa Nane

Nimezaa saba. Wa nane alikuja bila uchungu,
akakaa jichoni.
Hakupiga teke, hakulia usiku,
alinyonya tu:
kwanza nyota,
kisha picha ya jogoo kwenye gunia la mchele,
kisha sura ya anayenisalimu.

Hapa Tandale kazi yangu ni ungo.
Mchele wa watu, maharage ya watu,
chenga huku, mawe kule.
Miaka thelathini sijavunja jino la mtu.
Mwaka ule wa mafuriko mama ntilie wa kona
akanirudishia sahani,
jiwe limekaa juu ya wali kama bibi harusi.
Hakusema kitu. Nami sikusema.
Tangu siku hiyo nikachambua kwa kucha.

Uzee, niliwajibu walioniuliza.
Jicho la mtu, walisema majirani.
Kijana mmoja akaniuzia matone kwa elfu tatu;
yaliwasha kama pilipili,
nikadhani ndiyo kazi yake.

Fimbo yangu ilikuwa Mwanaidi, mjukuu, darasa la nne.
Bibi, mtaro.
Bibi, bodaboda.
Bibi, inua mguu.
Ndiye aliyeleta habari: Jumamosi, shuleni kwao,
macho bure.

Bure? Mimi nimeishi mjini. Bure ina mkia.
Nikafunga elfu kumi kwenye pindo la kanga,
ya mkia.

Namba mia moja na kumi na nne,
wameniandika kwa kalamu kiganjani.
Tumekaa kwenye madawati ya watoto, magoti kidevuni,
wazee wazima tunanuka karafuu na Vicks,
tunaogopa mtihani.
Nesi Nyamizi anauliza miguu ya E imeelekea wapi.
E sikuisoma, nikamwambia, naona kitana.
Haya mama, meno ya kitana yanaangalia wapi?
Juu, nikasema. Kilikuwa kikubwa kama dirisha.
Cha pili
sikuiona hata karatasi.

Jirani yangu wa dawati, Mkude, fundi viatu wa Manzese,
daktari alimwinamia, akashusha sauti
kama mtu aliyeingia msibani.
Presha ya macho.
Kilichokwenda hakirudi, mzee wangu. Tutalinda kilichobaki.
Mkude akauliza kimebaki kiasi gani.
Kama tundu, akaambiwa. Tundu dogo.
Akafikiri.
Basi sindano itapita, akasema,
akaomba kuonyeshwa dawa inavyodondoshwa.
Mimi niliyeambiwa ni mtoto wa jicho, anatoka,
nilitazama sakafu nisiyoiona
nikaionea haya bahati yangu.

Mkunga wangu sikumjua sura.
Nilisikia bati likipokea chuma kidogo,
mtu akisema, mama, usitikise kichwa,
na mwingine akiuliza chai imekuja?
Dakika kama ishirini.
Hakuna aliyepiga kigelegele.

Asubuhi wakabandua pamba.
Nani kaizeesha mikono hii?
Ukuta wa hospitali una ufa, ndani ya ufa kuna chungu,
chungu wana haraka.
Kanga niliyodhani ni nyekundu siku zote hizi ni ya zambarau;
nimekwenda nayo harusini.

Na Mwanaidi.
Mara ya mwisho nilimwona vizuri hana meno ya mbele.
Sasa ana shingo, ana kimo cha mama yake,
amesimama kwenye ubao wa matangazo,
pua karibu iguse karatasi,
jicho moja kalikunja kama anayenusa moshi.

Umeanza lini kukunja hivyo?
Siku zote, Bibi.
Na shuleni?
Naandika ninachosikia.

Miaka minne nimeongozwa barabarani
na mtoto asiyeona upande wa pili.

Pindo nikaligusa: elfu kumi ipo, hakuna aliyeidai.
Nikamshika mkono, tukarudi kulikokuwa na foleni,
safari hii mimi mbele.
Mwanaidi, ngazi, nikasema.
Mwanaidi, inua mguu.
Akacheka.
Ngazi naiona, Bibi.
Ni ubao.