Theluthi ya Mlingoti

Saa mbili kamili asubuhi, mjini Kuopio,
giza bado limeketi juu ya magari.
Baridi, digrii ishirini na nne chini ya sifuri.
Mimi, mtunza jengo, glovu nimeziuma kwa meno,
nafungua fundo kwa vidole vitupu.

Kwanza hupandishwa mpaka kileleni,
ndipo ishushwe. Watu husema nusu mlingoti.
Si nusu. Ni theluthi.
Urpo, aliyeshika funguo hizi kabla yangu,
alinipimia kwa jicho siku moja tu, akaenda zake na pensheni:
"Ukishusha nusu umetia chumvi.
Msiba hautiwi chumvi."

Leo ni ya Impi Hyttinen, mlango B, nyumba ya kumi na nne.
Miaka tisa alinisimamia kutoka dirishani,
saa ameifunga juu ya mkono wa sweta.
Nikichelewa dakika tatu, simu inalia:
"Jamhuri imelala?"

Mara moja, mwezi wa Juni, pindo liligusa nyasi.
Alishuka ngazi zote na goti lake bovu,
akanipokonya kitambaa chote, akakikumbatia.
"Bendera si dekio, kijana."
Nina miaka hamsini na saba.

Akanifundisha kukunja, yeye ncha hii, mimi ile,
tukasogeleana, tukaachana, tukasogeleana,
kama alivyokunja shuka za hospitali maisha yake yote.
"Shuleni walitukaririsha: buluu ni ziwa, nyeupe ni theluji.
Hewala. Lakini mimi nilikuwa dobi.
Nyeupe naijua inavyopatikana.
Na buluu," akanigeuzia mgongo wa mkono,
mishipa imevimba, "hii hapa."

Bendera hufuata upepo,
husema wasiowahi kusimama chini yake.
Leo hakuna upepo. Imening'inia
kama koti la mtu aliyesahau kurudi kulichukua.

Wanaanza kutoka.
Kijana wa ghorofa ya chini na baiskeli yake
anatazama juu, kisha anahesabu madirisha.
Mama wa mapacha ananiuliza, "Nani?"
Namtajia. "Yupi huyo?"
Yule aliyegonga bomba la radieta mkicheka usiku.
"Aa," anasema. "Yule."
Anavuta kofia ya mtoto mpaka masikioni,
anaivuta tena, hali imeshafika.
Hivi ndivyo kitambaa kinavyopeleka habari
katika nchi isiyopenda kubisha hodi.

Jana nilifungua stoo yake ya chini:
skii jozi moja, mitungi ya matunda ya porini,
na kamba ya katani, kavu kama mkate wa mwaka juzi.
Aliwahi kuniambia, mara moja, akitazama kando:
Karelia, mwaka wa arobaini na nne,
baba alishusha bendera, akafungua kamba,
mlingoti akauacha umesimama uani,
maana mkokoteni ulijaa na ng'ombe walishafungwa nyuma.
"Hatukujua mgeni atapandisha nini."

Niliipima kamba kwenye mlingoti wetu.
Haikufika hata dirisha la pili.
Imo mfukoni mwa koti langu sasa.
Sijui kanuni zinasemaje juu ya hilo.

Saa tisa na robo jua linazama, halikuwa limepanda sana.
Nairudisha kwanza juu kabisa,
kama mtu anayeinua uso kuaga,
halafu taratibu, mkono kwa mkono, naipokea kifuani
na kusimama nayo hivyo, mjinga, katika theluji,
maana kukunja kunataka watu wawili
na dirisha la kumi na nne halina taa.

Kijana anarudi, anaegemeza baiskeli ukutani.
"Nishike wapi?"

Vua glovu, namwambia.