Nguzo Ikilia

Oruro, mwezi wa saba, saa nane ya usiku.
Maji ya ndoo yameota ngozi ya barafu
na sisi wanne tumesimama nje ya wodi ya tatu,
mikono mitupu tumeificha kwapani
kama watoto waliofukuzwa mezani.

Barakoa yangu ina jina langu kwa wino: Hilaria.
Ina siku kumi na moja.
Mchana inalala ndani ya mfuko wa mkate,
usiku inaamkia usoni kwangu
ikinuka pumzi yangu ya juzi.
Glavu ziliisha Jumanne.
Jumatano tulipewa mifuko ya nailoni
na mipira ya kufungia nywele, tuikaze vifundoni.
Primitiva, mfagiaji wetu, aliingia hivyo hivyo.
Leo yumo ndani, kitanda cha dirishani,
naye hafagii.

Daktari Arandia amekuja, koti juu ya nguo za kulalia.
Anasema: vifaa viko njiani.
Tangu mwezi wa tano viko njiani;
njia hiyo sijui inapita nchi gani.
Anasema: uuguzi ni wito.
Ni kweli, daktari. Niliitwa, nikaitika.
Lakini aliyeitika "abee" hajasema "nizike."

Juu ya kichwa chake kuna bango, rangi imebanduka:
KINGA NI BORA KULIKO TIBA.
Remi, mdogo wetu, analisoma kwa sauti,
polepole, kama anayejifunza herufi.
Hakuna anayecheka.

Baba yangu Saturnino alichimba bati miaka ishirini na sita.
Nguzo kabla ya kukatika hulia, alisema,
kilio chembamba, kama panya ndani ya gunia.
Siku moja aliisikia, akatua sururu, akatoka.
Wenzake wakamwita mwoga mpaka baa.
Msimamizi akamkata ujira wa siku tatu.
Na mgodi — niseme kweli, maana hadithi hii
watu hupenda kuimalizia vingine —
mgodi haukuanguka.
Si siku ile, si mwaka ule.
Nyumbani tulikula viazi vikavu bila nyama
naye hakujuta hata tonge moja.
"Niliisikia," alisema.
"Mlitaka iniangukie ndipo niaminiwe?"

Kengele inalia ndani.
Ni don Eliodoro, muuza nyuzi wa sokoni,
aliyenipa buluu ya bure kwa sare yangu ya kwanza.
Anataka maji, au kugeuzwa, au kuona uso tu.
Celestino anashika kitasa. Anakiachia.
Daktari anatutazama: hamsikii?
Tunasikia. Ndiyo kazi yetu.
Tunamsikia yeye, na tunaisikia nguzo.

Nampa karatasi. Saini nne;
ya Celestino imetetemeka, imetoka nje ya mstari.
Hatukuandika kwamba hatutaki kuingia.
Tumeandika: tuvisheni, tuingie.
Tumeandika na saa.

Saa tisa na dakika ishirini ufunguo ulipatikana
mfukoni mwa mtunza stoo aliyeamshwa kwa simu.
Vifaa havikuwa njiani. Vilikuwa ghorofa ya chini,
makatoni sita chini ya turubai,
yakingoja ugeni wa wakubwa.
Magauni yalikuwa na mikunjo mikali kama noti mpya.
Tulivaa kimya, tukafungana kamba za mgongoni
kama dada wanaosukana nywele.

Don Eliodoro alikunywa maji yote.
Hakuniuliza nilikuwa wapi.

Kengele ililia mara thelathini na moja.
Nilizihesabu, sizipunguzi hata moja,
na karatasi ile ningeisaini tena.

Kisha nikaenda dirishani.
Primitiva alishika mkono wa gauni langu,
akaupapasa kwa vidole viwili
kama anayechagua kitambaa dukani.
"Kumbe," alisema, "yalikuwepo."