Ratiba Nyuma ya Bili ya Maji

Bendi ishirini na sita, majukwaa mawili,
siku tatu, na hili goti langu
ambalo halijawahi kuulizwa maoni.
Naandika kwa kalamu ya maabara
nyuma ya bili ya maji. Karatasi ni karatasi.

Ijumaa haina ubishi.
Natoka kiwandani saa kumi na moja,
naoga mara mbili kwa ndimu, na sangara bado yumo kwenye kucha.
Nakata Igogo kwa miguu hadi jineri la zamani
ambalo tangu pamba ihame lilikuwa la popo
na wiki hii ni la watoto wenye viatu vya jeshi.
Saa moja na nusu: Mgao.
Nyimbo zao hukatika katikati ya neno,
mnabaki mnaangaliana,
kisha zinarudi zote kwa mkupuo
kwa nguvu ya kuunguza friji.
Saa tatu kamili: Furu, wale watatu wa Ukerewe,
wafupi, wenye hasira,
waliojiita kwa samaki tuliyemhesabu kaisha
kumbe kajibanza kwenye mawe.
Hao siwakosi hata ziwa lipande ngazi.

Luhende wa meza ya pili anachungulia.
"Dada Minza, panki si kunyoa?
Mbona wewe umesuka?"
Namwambia akapime barafu yake.

Jumamosi ndiyo kesi.
Saa kumi jioni, Mama Hajui,
mabinti wanne wa Butimba ambao mama zao, nasikia,
ndio wanaowabebea spika.
Ugali na sato getini, kabla bei haijalewa.
Saa mbili na dakika arobaini, jukwaa la mizani:
Shahada Kabatini, wanaotoka Bukoba usiku mmoja tu,
niliowangoja tangu nilipowasikia kwenye simu ya mtu.
Saa mbili na dakika arobaini, jukwaa la ziwani:
Kwikwi.

Nimeandika Kwikwi, nikafuta, nikaandika.
Karatasi imetoboka hapo.
Nikigeuza, tundu limekula sifuri moja ya deni.

Jana nilikwenda kupima. Mizani hadi ziwani
hatua mia na arobaini, nikijifanya naongea na simu.
Kwa goti hili, dakika nne.
Nusu huku, nusu kule,
kama mtu mwenye misiba miwili siku moja,
anayekula wali kwa wa kwanza
na kulia kwa wa pili.

Kwikwi: Nkwimba kwenye ngoma, Mazige gitaa,
na besi, binti fulani wa Pasiansi, jina silijui.
Ya kwangu niliiuza Makoroboi mwaka ule wa ajira,
nikanunua friji.
Umeme ukakatika, ukarudi.
Sasa ni kabati la viatu.

Hakuna aliyenifukuza.
Hakuna aliyenibembeleza pia.
Juzi Nkwimba kaandika maneno matatu:
Jina lako getini.
Hakuweka hata alama ya kuuliza.
Na mimi tiketi nilishakata, elfu kumi na tano,
pesa yangu, nisije nikaingia kama mgeni wa mtu.

Jumapili: misa ya kwanza, kufua,
saa tisa Gugumaji, ambao hawana saa ya kumaliza;
wakishaota jukwaani hawang'oki
mpaka mtu azime jenereta.
Halafu zamu ya usiku,
minofu inapita mbele yangu kimya kimya
na masikio yanapiga filimbi yenyewe.

Bado Jumamosi.
Nimechora mshale kutoka mizani kwenda ziwani.
Nimechora mwingine wa kurudi.
Luhende anasema natikisa meza, chai yake inamwagika.
Natazama: vidole vyangu vya kushoto
vinatembea juu ya mbao, vinatafuta nyuzi nne,
wimbo wetu wa pili, ule wa haraka,
vinafika kwenye kona ile,
vinakosea palepale.