Matundu Mawili

Dukani kwa Mugoya, barabara ya Kumi, Mbale,
mashine ya vitufe hamsini inanikonyeza kwa taa
kama jirani mwenye umbea.
"Chukua hii, dada. Studio kamili."
Nikahesabu: koo, moja. Litungu, moja.
Matundu kumi na sita ningeyalisha nini?

Nikatoka na kisanduku cha matundu mawili,
maikrofoni nyeusi isiyo na jina la kujivunia,
waya mrefu kuliko chumba changu,
na vipokea sauti vya kuziba masikio,
si vile vya kubembeleza besi;
hivi havijui kusifia mtu.
Programu alinipa Khaukha, bure, kwenye flashi:
"Hii kwanza, mpaka ikuchoshe."

Ukutani nimetundika blanketi
alilojifunika kaka mwaka wake wa imbalu.
Godoro limesimama dirishani.
Kinu cha mahindi hunyamaza saa mbili usiku,
umeme hukatika saa tatu kasorobo,
hapo katikati ndipo ninapoishi.

Mara ya kwanza nilisogea mno,
mstari ukawa mwekundu, sauti ikapasuka kama bati.
Mara ya saba, jogoo asiyejua saa.
Mara ya kumi na moja nikasikiliza hadi mwisho
na nyuma ya nyuzi nikasikia
kikohozi.

Baba,
aliyesema pesa ile ni mbuzi wawili wazima,
alikuwa amesimama mlangoni, gizani,
wimbo wote.

Khaukha anasema kukifuta ni kubofya mara moja tu.

Najua.