Siku ya Tatu

Wanne walishushwa Jumatatu, kutoka kwa Mama Oforo wa Kibamba,
wamefungwa kamba za katani nyuma ya kirikuu,
na mlinzi wa geti pale Upanga akacheka:
"Leo madaktari mna sherehe?"
Mjini humu wanaitwa kitimoto.
Huku kwetu, ghorofa ya chini, nyuma ya stoo ya oksijeni,
jina limepata kazi yake.

Fomu ya kamati iliuliza: je, hakuna njia nyingine?
Daktari Mwakalukwa alijibu kurasa tatu.
Mimi ningejibu mstari mmoja:
utumbo wa plastiki haupandi homa.

Nusu kaputi kwanza. Kope zinalegea,
pua inaacha kuuliza.
Kamera inaingia, na kwenye skrini
handaki zima linang'aa, la waridi, limelowa,
ungedhani ni la mtu.
Ndiyo maana yuko hapa.

Wati ishirini, sekunde mbili.
Wati arobaini, sekunde mbili.
Wati arobaini, sekunde tano.
Kila mchomo ni doa jeupe, punje ya mchele.
Harufu siisemi; kila baa ya Sinza inaijua.
Umeme ukikatika tunasubiri jenereta,
kila mmoja ameshika chake gizani,
naye anapumua kwa hesabu yetu.

Siku hiyo doa halisemi lolote.
Moto huzaa majivu, ndiyo,
lakini moto wa utumbo mpana huzaa kimya kwanza.
Mnyama anaamka, anakunywa maji, anasukuma ndoo.
Siku ya pili anakula pumba.
Siku ya tatu tunamlaza tena, na haamki.

Baba naye alikula siku ya pili.
Walimtoa kinyama kidogo, wakachoma shina lake,
akarudi Magomeni kwa miguu yake
akadai uji, uwe na pilipili manga.
Siku ya tatu tumbo likawa ubao.
Nimelisoma faili lake nikimtafuta mkosaji.
Hayumo. Wameandika dawa, wameandika presha,
wameandika hata rangi ya shuka.
Sekunde hawakuandika.

Jioni ninanawa mara saba, moja kwa udongo;
ninao kwenye kopo la siagi chini ya sinki.
Bibi Mwanashaha aliniuliza mara moja tu:
"Unagusa nini huko?"
Nikasema, "Siku ya tatu."
Akanisogezea chai.

Leo, chini ya hadubini, namba kumi na moja:
kipande chembamba kuliko ganda la kitunguu,
waridi na zambarau.
Utando umekufa. Tabaka la chini yake limekufa.
Misuli, nusu yake, halafu mstari,
kama ule wa maji kwenye kuta za Jangwani
mafuriko yakishaondoka,
na ng'ambo ya mstari, seli hai, zimejipanga,
kama hazikusikia kitu.
Moto ulifika hapa, ukaishia.
Wati arobaini, sekunde mbili.

Ninaandika. Meza inatetemeka, au ni jenereta.
Bandani namba kumi na mbili anapiga kelele;
yeye anaamini kila anayefungua mlango
amekuja na pumba.
Kesho ndiyo siku yake ya tatu.
Ninaacha kalamu, ninachukua ndoo.
Leo iwe kweli.