Komeo la Saba

Mundhir kaleta risiti, mimi nimeleta ndoo.
Ndani ya ndoo bawaba kumi na tatu
zimelala tangu jana katika maji ya ndimu kavu,
zile nyeusi za kutilia mchuzi,
na maji yamegeuka chai iliyosahauliwa jikoni.
Nazisugua kwa mswaki mkuukuu.
Kutu haitoki kwa hasira. Nimejifunza.

Tuko Mudhairib, ghorofa ya juu ya nyumba ya babu:
madirisha saba, nondo za kulala, mbao za msaji
zilizopasuka kwa jua la miaka bila mtu.
La pili walilitoboa kupitisha kiyoyozi.
La tano, njiwa wamelirithi kabla yetu.
Kila dirisha lina tumbuu, lina riza,
lina komeo la chuma lenye kichwa kama kokwa ya tende
na kijitundu cha kutilia kufuli.
Kila dirisha, ila la saba.
La saba lina matundu manne ya misumari
na alama ya komeo juu ya ubao,
imeng'aa kidogo,
kama kiwiko kilichovuliwa saa.

Nikalitafuta.
Matrah niliingia duka la vitu vya kale
ambamo kitu ni cha kale na stika bado imeganda.
Kijana akanitolea la shaba: "La enzi, wallahi,"
riyali kumi na nane.
Nikalinusa. Lilinuka tindikali na wiki iliyopita.
Nizwa walikuwa nalo la mlango.
"Likate," wakasema.

Basi nikaenda Ibra kwa Lalbaksh,
afuaye mageti ya majumba mapya, yenye tai wa dhahabu.
Nilimwonyesha picha, akaikataa.
Akaja mwenyewe, akaipima alama kwa kidole gumba,
futi mfukoni.
"Nitalifua," alisema kwa Kiarabu chake cha Kibaluchi,
"ila halitadanganya mtu.
Litakuwa jipya mpaka lizeeke lenyewe."
Nami nikawaza: kwetu chuma na nguo
hufuliwa kwa neno moja,
na vyote viwili hupigwa.

Jumanne tulimpandisha shangazi Rayya,
ngazi kumi na sita, akipumzika kila ya nne.
Yale sita yaliyopakwa mafuta hakuyatazama.
Alikwenda moja kwa moja hadi la saba,
akatia ncha ya kidole katika tundu la msumari
kama mtu apimaye chumvi.

"Komeo mwalitafutia nini?
Nililing'oa mimi.
Kwa kisu cha vitunguu, mchana wa Ramadhani,
wanaume wamelala.
Baba, Mungu amrehemu, kila akienda Sur
alitia kufuli madirisha yote, sisi tumo ndani,
na joto, mwanangu, joto lile halikuwa na jina.
Nikalitupa kisimani. Likalia mara moja.
Aliporudi akaliona.
Nikangoja fimbo.
Akasimama pale ulipo, akavua kilemba, akapata upepo.
Hakusema. Wala hakuweka jingine."

Mundhir akaacha kuandika.

Alhamisi komeo likafika limefungwa gazeti,
riyali tisa, zito, bado lina harufu ya makaa.
Zuri. Sikutaka liwe zuri hivyo.
"Tulitie," akasema Mundhir. "Si tulikubaliana
nyumba irudi kama ilivyokuwa?"
"Ilivyokuwa lini?"
Akatazama daftari lake. Daftari halikuwa na safu ya hilo.

Tumezipaka nta bawaba zote kumi na tatu.
Moja bado yalia; nimeiacha ilie.
Dirisha la saba sasa lafungwa kwa utepe wa shela
aliouchana shangazi mwenyewe, kwa meno,
na hufunguka likitaka.
Komeo la Lalbaksh liko juu ya shubaka,
limekalia risiti za Mundhir,
maana upepo waingia.