Pakiti ya Thelathini na Moja

Pakiti ya thelathini na moja iliingia ukungu
wiki ile ya mgao wa umeme,
na mimi, mwenye funguo za jokofu la Mikocheni,
sikumwambia mtu.
Nilipanda bajaji mbili hadi Tandika,
nikampa Bi Sikudhani elfu mbili,
akanipimia kibaba cha njugu mawe
akaongeza konzi: "Hizi za mtoto."
Sina mtoto. Nilipokea.

Nikaandika kwenye bahasha mpya: Nachingwea, 31.
Mkono haukutetemeka hata kidogo.

Pakiti zilikuwa arobaini.
Za Newala, nyeupe kama jino la utotoni.
Za Kahama, nyekundu, jicho jeusi.
Za Kibondo, madoa ya yai la kware.
Za Singida, pakiti mbili, majina mawili,
vijiji viwili vilivyonuniana,
kila kimoja kikiapa kwamba yake ndiyo mbegu ya mababu.

Tulizipanda kwenye makopo ya rangi nyuma ya maabara,
tukachuma majani yangali laini,
tukayasaga kwenye barafu, tukayaosha kwa spiriti,
hadi kikabaki kiutelezi chini ya kichupa
kama kamasi ya mtoto mwenye mafua,
na humo, anasema Daktari Nyamizi,
mna safari yote.
Vinasaba: nasaba iliyobandikwa *vi-*
ikanywea, ikaenea kwenye tone.

Kisha jeli. Kisha tunazima taa,
tunawasha ile ya zambarau
inayofanya meno yetu yaonekane ya watu wengine.

Singida mbili: mstari kwa mstari, sawasawa.
Tumbo moja. Vijiji vimenuniana bure.
Kahama, mbegu tano za gunia moja,
ni koo tatu zilizovaa sare.
Rangi, kumbe, ni kanga tu;
ukiifua sana haikwambii aliyeivaa ni nani.

Na kwenye njia ya thelathini na moja,
juu, mahali ambapo wenzake wote ni giza,
mstari.

Daktari alivua miwani. Akaivaa.
"Nachingwea," akasema,
kama mtu anayejaribu jina la mchumba mdomoni.
"Rudia."
Nilirudia mara tatu. Mstari ukarudi mara tatu.
Jioni ile akaanza kuandika barua
ya kuomba gari, mafuta, na posho ya siku tisa kusini.

Nilirudi Tandika. Gunia lilikuwa limekunjwa, limekaliwa.
"Zile za mchanganyiko? Zilikuja na fuso.
Sijui Mpwapwa, sijui Mbinga,
dereva alizoazoa njiani.
Zilizobaki kachukua Mama Shukurani pale kona."
Pale kona palikuwa na sufuria,
mvuke, chumvi ya mawe,
na gazeti la juzi lililokunjwa kikoni.
Nilinunua za mia tano.
Nikamenya nikiwa nimesimama, moja moja.
Zilikuwa tamu. Zilikuwa tamu mno.

Bi Sikudhani aliniuliza nimefiwa na nani.
Nikamweleza kuhusu mstari.
Alinisikiliza huku ungo ukiendelea kupepeta.
"Mawe natoa," akasema. "Wadudu natoa.
Njugu sijawahi kuziuliza kwao ni wapi.
Ningeziuliza, ningeuza saa ngapi?"

Zimebaki tisa kwenye bahasha.
Nimezihesabu, nikazihesabu tena.
Nachingwea nimeifuta;
kalamu inasita mahali pa *kwao*.

Kesho saa mbili Daktari atafika na barua iliyopigwa muhuri.
Nitasimama mlangoni kabla hajakaa.
Nitaanza: "Sikudhani..."
naye atafikiri naomba radhi,
kumbe nataja jina la mwenye duka.